Mwami Mwambutsa: Aliwavusha Warundi, yeye akabaki ng'ambo

Ndugu msomaji, juma hili nataka tumzungumzie mtu ambaye wazee wa Bujumbura humtaja karibu kila wanapokumbuka ya zamani, lakini vijana wengi waliozaliwa kambini, upande wa Kigoma na Kasulu, wanamjua kwa jina tu. Huyo ni hayati Mwami Mwambutsa wa Nne, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Bangiricenge. Alikalia kiti cha ufalme wa Burundi kuanzia 1915 hadi 1966, yaani zaidi ya miaka 50. Aliwaona Wajerumani wakiondoka, Wabelgiji wakiingia na kutoka, uhuru ukipatikana, na mwisho ufalme wenyewe ukifutwa. Alifariki mwaka 1977 huko Uswisi, na mwili wake haukurudi nyumbani.

Nimechagua kumsimulia kupitia stempu za posta. Mimi ni mkusanyaji wa stempu wa siku nyingi, na wapo wanaodhani kuwa hiyo ni kazi ya watu wasio na kazi. Lakini stempu, hata kama ni kipande kidogo cha karatasi, ni tangazo la serikali. Anayeichapa anasema kwamba nchi hii ni yangu, na barua haiondoki hapa bila idhini yangu. Ukizipanga mezani stempu zilizopita katika posta ya mji huu, tangu ulipoitwa Usumbura, utakuta nchi imebandikwa majina matano katika maisha ya mtu mmoja. Mtu huyo ni Mwambutsa.

Merikebu ya Kaisari

Mwambutsa alizaliwa mwaka 1912. Babu yake alikuwa Mwami Mwezi Gisabo, yule aliyepigana na Wajerumani mpaka akalazimika kukubaliana nao kule Kiganda mwaka 1903. Mwezi alifariki mwaka 1908, na mwanawe Mutaga wa Nne akashika ufalme. Nchi wakati huo ilikuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, pamoja na Rwanda na Tanganyika.

Stempu za wakati huo zina picha ya merikebu. Ni Hohenzollern, merikebu ya starehe ya Kaisari Wilhelm wa Pili. Picha hiyohiyo ilitumika Kameruni, Togo na hata visiwa vya Samoa katika bahari ya Pasifiki. Merikebu hiyo haikuwa na njia ya kufika Ziwa Tanganyika, lakini ndiyo iliyobandikwa kwenye barua zilizotoka hapa. Bei yake mwanzoni ilikuwa kwa pesa na rupia, na kuanzia 1905 ikawa kwa heller, ambapo heller 100 zilifanya rupia moja. Wafanyabiashara wa mpakani mnaosema hela kila siku mnapohesabu noti zenu, basi fahamuni kwamba neno hilo mlirithishwa na Mjerumani. Yeye aliondoka, lakini hela ikabaki midomoni mwetu.

Mutaga alifariki mwishoni mwa Novemba 1915, vita kuu ya kwanza ikiwa imepamba moto. Katikati ya Desemba ngoma zikamlilia mfalme mpya, mtoto wa miaka mitatu. Kwa desturi ya Burundi majina ya wafalme yalikuwa manne na yalikwenda kwa mzunguko: Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa, kisha yanaanza upya. Zamu ilikuwa ya Mwambutsa. Wanaokijua Kirundi wanafahamu kuwa kwambutsa ni kuvusha, kama mtu wa mtumbwi anavyovusha wenzake mto. Jina hilo liweke akilini, ndugu msomaji, maana tutalirudia.

Kwa kuwa mfalme alikuwa bado mtoto, madaraka yalishikwa na wakubwa wa ukoo wa kifalme. Miongoni mwao alikuwemo Ririkumutima, mke wa marehemu Mwezi Gisabo, mwanamke ambaye wazee wanamkumbuka kwa ukali wake na akili yake, pamoja na wanamfalme wakubwa kama Ntarugera na Nduwumwe.

Mfalme mtoto, mwenye nchi mwingine

Miezi michache tu baada ya mtoto huyo kutawazwa, Juni 1916, majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakaingia Usumbura na Kitega. Mkuu wa majeshi hayo alikuwa Jenerali Tombeur. Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea Tabora.

Hapa ndipo stempu zinapoanza kuwa tamu kwa mkusanyaji. Wabelgiji hawakuwa na stempu za nchi hii mpya, basi wakachukua za Kongo wakazigonga muhuri juu yake: nyingine neno RUANDA, nyingine neno URUNDI. Wakusanyaji duniani huziita kwa jina la jenerali huyo, Tombeur. Zilikuwa chache, na kwa sababu hiyo zimeghushiwa mno. Baadaye katika mwaka huohuo zikatoka nyingine zenye maneno marefu kwa Kifaransa na Kiholanzi, yakisema kwamba hii ni Afrika Mashariki ya Kijerumani iliyo chini ya ukaliaji wa Ubelgiji. Yaani nchi iliitwa kwa jina la adui aliyefukuzwa na la mshindi aliyeingia, yote mawili juu ya picha za Kongo. La mwenyewe halikuwepo.

Vita vilipokwisha, wakubwa wa Ulaya walikaa wakagawana. Kwa mapatano ya mwaka 1919 Ubelgiji ikapewa Ruanda na Urundi, Uingereza ikapewa Tanganyika, na baadaye Shirikisho la Mataifa likaidhinisha. Katika kugawana huko, eneo la Bugufi, lililokuwa la wafalme wa Burundi, liliwekwa upande wa Waingereza. Sehemu ya Gisaka iliyokuwa imekatwa kutoka Rwanda ilirudishwa baada ya muda mfupi. Bugufi haikurudi. Leo iko katika wilaya ya Ngara, Tanzania, na kila anayevuka Kobero kwenda Kabanga anapita katika ardhi hiyo.

Mwambutsa alikuwa mtoto wa miaka saba wakati kipande hicho cha nchi yake kilipokatwa. Kuanzia 1922 barua ya mtu wa Bugufi ilibandikwa stempu ya Tanganyika yenye kichwa cha twiga. Ndugu yake wa upande wa huku, kuanzia 1924, alibandika stempu ya Kongo iliyochapwa juu maneno RUANDA URUNDI, yenye sura ya mwanamke wa Ubangi au wa Baluba. Ndugu wawili, lugha moja, mazishi yao ya pamoja, lakini barua zao zilivaa wanyama na watu ambao hawakuwahusu. Mtu akiniuliza mpaka ulianza lini hasa, mimi humwonyesha bahasha mbili hizo.

Mwaka 1925 Ubelgiji ikapitisha sheria ya kuunganisha utawala wa Ruanda-Urundi na ule wa Kongo. Mwami akawa chini ya mkuu wa wilaya ya Urundi, naye mkuu huyo chini ya gavana aliyekaa hapa Usumbura. Mbelgiji aliyejulikana zaidi katika miaka hiyo ni Pierre Ryckmans, ambaye baadaye alikuja kuwa gavana mkuu wa Kongo yote. Aliijua nchi na lugha yake, na ndiye aliyesimamia utawala wa Urundi wakati mfalme akikua.

Utawala wa kijana

Mwaka 1929 wakubwa walioshika madaraka kwa niaba yake wakakoma, na Mwambutsa, kijana wa miaka 17, akaanza kutawala mwenyewe. Nasema kutawala, lakini msomaji anaelewa. Ilikuwa ni katika miaka hiyohiyo umuganuro, ile sikukuu kubwa ya mtama ambayo ndani yake mfalme aliibariki mbegu ya nchi nzima, ilipokoma kufanywa kwa fahari ya zamani. Wamisionari na utawala hawakuipenda.

Wabelgiji wakaanza kupanga upya uchifu. Himaya ndogondogo zikaunganishwa, machifu wengi wakaachishwa. Kufikia katikati ya miaka ya 1940 hakubaki chifu Mhutu hata mmoja, ingawa zamani walikuwepo. Yote hayo yalifanywa mfalme akiwa kwenye kiti chake. Wapo wanaomlaumu kwa kunyamaza, na wapo wanaosema hakuwa na jeshi wala hazina ya kupinga nayo. Mimi naona pande zote mbili zina hoja. Lakini tusisahau kwamba Mwami mwenzake wa Rwanda, Musinga, aliyekuwa mgumu kwa Wabelgiji, aliondolewa madarakani mwaka 1931 akapelekwa uhamishoni. Mwambutsa aliliona hilo akiwa kijana wa miaka 19, na aliishi kuona mengine.

Mwishoni mwa 1930 alimwoa Thérèse Kanyonga. Januari 1932 akazaliwa mtoto wao wa kwanza, Louis Rwagasore. Wakafuata mabinti. Ndoa hiyo ilivunjika, na mwaka 1946 Mwami akaoa mke wa pili. Kwa mama huyo alizaliwa Charles Ndizeye mwaka 1947. Kumbuka majina ya wana hao wawili.

Wakati huo raia walikuwa na mzigo wao. Kodi ya kichwa ilidaiwa kwa fedha, kahawa ililimwa kwa amri, barabara zilichimbwa kwa nguvu. Njaa ya mwaka 1943 na 1944 iliua watu wengi. Ndiyo sababu babu zetu wengi walivuka mpaka: wengine kwenda Uganda kulima pamba na kahawa za watu, wengine kwenda Tanganyika kwenye mashamba ya mkonge. Kuvuka mpaka kutafuta riziki hakukuanza na nyinyi, wafanyabiashara wa leo.

Na stempu? Mwaka 1931 Ruanda-Urundi ilipata stempu zake za kwanza zilizochorwa kwa ajili yake. Zina mpagazi, wachunga ng'ombe, mfinyanzi, mcheza ngoma, wanawake wa Kirundi, na katika ile ya bei kubwa ya faranga 20 yumo mwanamfalme wa Urundi, bila jina. Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji alipofariki mwaka 1934, ilitoka stempu ya maombolezo yenye sura yake. Mwaka 1948 zikaja za vinyago na sanamu, michoro ileile iliyotumika Kongo. Mwaka 1953 zikaja za maua. Mwaka 1955 Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alipotembelea makoloni yake, naye akachapwa. Mwaka 1959 zikafuata za wanyama: nyati, sokwe mkubwa wa milimani, tembo.

Maua yalipata nafasi, sokwe alipata nafasi, wafalme wawili wa Ubelgiji walipata nafasi. Mfalme wa nchi yenyewe alikuwa amekalia kiti kwa miaka 44, na jina lake halikuandikwa popote.

Mwana wa kwanza

Sasa tuje kwa Rwagasore, kwa kuwa huwezi kumsimulia baba ukamwacha mwana. Rwagasore alisoma Astrida, ambayo leo ni Butare, Rwanda, kisha akaenda Ubelgiji kwa muda mfupi. Aliporudi alianzisha mwaka 1957 ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi. Waliomuunga mkono tangu mwanzo walikuwa Waswahili wa Usumbura, watu wa Buyenzi na mitaa jirani, wachuuzi na wenye maduka waliojua njia za Uvira na Kigoma. Ushirika ulikwama kifedha, lakini urafiki ulibaki, na ukawa mguu mmoja wa chama chake, UPRONA. Upande wa pili wa ziwa alikuwa na rafiki katika Julius Nyerere na chama cha TANU.

Wabelgiji hawakumtaka. Mwishoni mwa 1960, uchaguzi wa mitaa ukifanyika, walimzuia asitoke nyumbani. Lakini katika uchaguzi wa Septemba 18, 1961, uliosimamiwa na Umoja wa Mataifa, UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64. Mwishoni mwa mwezi huo Rwagasore akawa waziri mkuu. Oktoba 13, 1961, akiwa anakula chakula cha jioni katika hoteli Tanganyika kando ya ziwa hapa Usumbura, akapigwa risasi na Mgiriki aitwaye Jean Kageorgis. Alikuwa na umri wa miaka 29. Kageorgis aliuawa kwa hukumu ya mahakama Juni 30, 1962, siku moja kabla ya uhuru. Wengine watano, wakiwemo viongozi wa chama cha upinzani cha PDC, walinyongwa Gitega Januari 1963. Swali la nani wa juu zaidi alijua au alisaidia, wakiwemo maafisa wa Ubelgiji, limeendelea kuulizwa hadi karne hii.

Sura ya Mwami

Julai 1, 1962 Burundi ikawa huru, ikiwa ufalme. Posta haikuwa na stempu zake bado, kwa hiyo yale maua na wanyama wa Ruanda-Urundi wakachapwa juu maneno ya Kifaransa: Ufalme wa Burundi. Kisha mwaka huohuo zikatoka za uhuru, na hapo ndipo, mkusanyaji anapofungua ukurasa, anapokutana na Mwambutsa mwenyewe, na ngoma zake za kifalme. Alikuwa amefikisha miaka 50 ya maisha na 46 ya ufalme.

Mwaka uliofuata, 1963, zikatoka za mwanawe Rwagasore. Hizo ziliuzwa kwa bei yenye nyongeza, na nyongeza hiyo ilikuwa kwa ajili ya kujenga kiwanja cha michezo na mnara wa kumbukumbu yake. Kiwanja hicho kilibeba jina la Rwagasore kwa miaka mingi, hadi 2019 kilipopewa jina la Intwari, yaani shujaa. Yule baba aliyeona stempu ya maombolezo ya mfalme wa Ubelgiji mwaka 1934 sasa aliona ya mtoto wake.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Serikali zilibadilika haraka. Januari 1965 waziri mkuu Pierre Ngendandumwe aliuawa siku chache baada ya kuteuliwa. Mei 1965 ukafanyika uchaguzi, na Wahutu wakapata viti 23 kati ya 33. Badala ya kuchagua waziri mkuu kutoka upande ulioshinda, Mwami akamteua Léopold Biha, ganwa na katibu wake wa siku nyingi. Ninaamini hilo lilikuwa kosa lake kubwa kuliko yote, kwa sababu waliopiga kura waliona kura yao imewekwa pembeni. Usiku wa Oktoba 18 kuamkia 19, baadhi ya askari walijaribu kupindua serikali. Biha alijeruhiwa vibaya. Jaribio lilishindwa, na kulipiza kisasi kukawa kukali: maafisa na wanasiasa Wahutu wengi waliuawa, na vijijini damu ikamwagika pande zote.

Mwanzoni mwa Novemba 1965 Mwambutsa akaondoka nchini. Hakurudi tena.

Cha ajabu ni kwamba katika mwaka huohuo wa 1965 posta ya Burundi ilitoa stempu za fahari kuliko zote: za mviringo, zimechapwa juu ya karatasi ya dhahabu, zikiwa na umbo la sarafu yenye kichwa cha Mwami. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani walizinunua kwa wingi. Kichwa cha mfalme kilikuwa kikisafiri duniani kwa dhahabu wakati mwenyewe akitafuta pa kukaa.

Machi 1966, akiwa Ulaya, alimkabidhi mwanawe Charles Ndizeye madaraka ya kusimamia mambo ya ufalme. Julai 8 kijana huyo, akiwa na miaka 18, akamwondoa baba yake. Septemba 1 akatawazwa kwa jina la Ntare wa Tano, kama mzunguko ulivyotaka. Ufalme wake haukufika hata miezi mitatu. Novemba 28, 1966, akiwa Kinshasa kwenye sherehe za Mobutu, Kapteni Michel Micombero akatangaza jamhuri. Posta ikafanya ile kazi yake ya siku zote: mwaka 1967 stempu zilizobaki zikachapwa juu, ufalme ukafunikwa, jamhuri ikaandikwa. Hilo likawa jina la tano.

Mzee wa Geneva

Mwambutsa aliishi Uswisi. Magazeti ya Ulaya yalimwandika zaidi kwa kupenda kwake muziki, dansi na maisha ya usiku, na ni kweli alivipenda tangu akiwa hapa. Lakini nadhani hiyo ni nusu ya habari. Mwaka 1972 Ntare, mwanawe, alirudi Burundi kutoka Uganda baada ya kuahidiwa usalama. Aliwekwa Gitega, na Aprili 29 akauawa huko, siku ileile yalipoanza mauaji makubwa ambayo wengi wenu, au wazazi wenu, ndiyo yaliyowafanya wakimbizi. Mzee yule alikuwa amempoteza mwana mmoja Usumbura na mwingine Gitega. Wa pili alirudi kwa kuamini ahadi.

Alifariki mwaka 1977 akazikwa Meyrin, karibu na Geneva. Wafalme wa zamani walipelekwa Inganzo, upande wa Kayanza, mahali palipotunzwa na watu maalumu kwa vizazi vingi. Yeye alilala kati ya Waswisi.

Mwaka 2012 Burundi ikitimiza miaka 50 ya uhuru, serikali ilitaka arudishwe azikwe kwa heshima za taifa, na binti yake, Rosa Paula Iribagiza, alitaka hivyo pia. Kaburi likafukuliwa. Lakini ndugu mwingine wa ukoo aliyeishi Uswisi akapinga, akisema marehemu aliacha wosia kwamba mwili wake usirudishwe Burundi. Kesi ikaenda mahakamani kwa miaka, na jeneza likabaki limehifadhiwa Geneva. Mwisho mahakama za Uswisi zikasimama na matakwa ya marehemu. Mwaka 2017 akazikwa tena Meyrin.

Hapa naomba msomaji anisikilize vizuri. Mwaka huohuo wa 2012 ndipo kambi ya Mtabila, Kasulu, ilipofungwa, na Warundi zaidi ya 30,000 wakarudishwa katika miezi michache. Hakuna jaji aliyewauliza mmoja mmoja wanataka nini. Na mwaka 2017, jeneza la Mwami lilipowekwa tena ardhini, Warundi wengine mamia kwa maelfu walikuwa wamekwisha kuvuka tena baada ya mgogoro wa 2015. Mfalme amelala ng'ambo kwa kutaka kwake. Raia wake walivuka na kuvushwa, mara nyingi bila kutaka.

Wapo wanaosema Mwami aliikana nchi. Mimi sikubaliani nao. Aliyezika wana wawili kwa risasi na ahadi hawezi kudaiwa mifupa yake kama kodi. Lakini pia sikubaliani na wanaosema basi tumsahau. Nyinyi mliorudi mnajua kuliko mimi kwamba kurudi si kufika tu. Ni kukuta shamba lina mtu, ni kuonyesha karatasi, ni kusema jina la baba mbele ya mzee wa kilima na kusubiri kama atalikumbuka. Mwami hakupitia hayo. Lakini karatasi zake zipo, na zinaweza kurudi pale ambapo mwili haukurudi.

Kabla hujauza

Nasema hivi kwa sababu nimeona katika masoko ya mpakani, Gatumba na kwingineko, barua za zamani zikiuzwa kwa bei ya karanga. Mtu amefungua sanduku la marehemu babu, amekuta bahasha, amekata stempu kwa mkasi, bahasha ameitupa. Ndugu yangu, usifanye hivyo. Stempu peke yake, hasa zile za wanyama na maua, ilichapwa kwa wingi na thamani yake ni ndogo. Bahasha nzima, yenye muhuri wa USUMBURA au KITEGA, tarehe, jina la mpelekaji na la mpokeaji, ndiyo yenye uzito kwa mkusanyaji wa kweli. Na kwako wewe ina uzito zaidi, kwa kuwa inaweza kuonyesha kwamba mwaka fulani mtu wa ukoo wako aliishi mahali fulani.

Usiiloweke majini, usiibandike kwa gundi, iweke pakavu mbali na jua. Ukiletewa stempu ya Kongo iliyogongwa neno URUNDI na kuambiwa ni ya 1916, usilipe hata faranga moja kabla mjuzi hajaiona. Na ukikutana na ile ya dhahabu ya mviringo, yenye kichwa cha mzee, usiiuze haraka. Mwonyeshe kwanza mwanao, umwambie huyo ni nani, jina lake lina maana gani kwa Kirundi, na alizikwa wapi.

Mungu amrehemu Mwami Mwambutsa, na awarehemu wote waliovuka wasipate kurudi.